Mwalimu Vitalis Chitanda na Neno Alilolinyamazia Mbele ya Baba Askofu

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu mvua za Kwaresima zikutoe mikononi mwetu, na kila ninapokukumbuka ninachokiona kwanza ni midomo yako. Hukuwa mtu wa kutembea midomo imetulia. Ukitoka Madimba kwenda makanisa madogo ya vigango vya upande wa Msimbati, viatu umevishika mkononi ili visiliwe na mchanga, midomo yako ilikuwa ikisema maneno ya Baba Askofu, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kimakonde, mpaka yakae sawa. Siku moja nilikuwa nyuma yako nimejitwika mtungi, nikaona midomo imetulia. Ulitembea hivyo hadi nyumbani. Niliona, nikanyamaza, kama ilivyo kawaida yangu.

Familia imeniagiza mimi, Apolinaria, niandike kwa niaba ya wote, ingawa shule niliachia darasa la tatu na mbele za watu sauti yangu haitoki. Mama amesema karatasi haimtazami mtu usoni, kwa hiyo nisiogope. Nitaandika ninavyoweza. Wasomaji watuwie radhi, maana tuna jambo la kusema juu yako ambalo si wote nyumbani waliotaka lisemwe.

Kwanza tuseme yale ambayo kila mtu anayajua.

Ulizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, ukavushwa ukiwa mgongoni. Ndugu zako walilelewa na mjomba pale Msimbati, wakawa Waislamu. Wewe uliugua vidonda vya miguu, ukapelekwa misheni kutibiwa, ukarudi na miguu mizima na rozari shingoni. Hamkugombana kwa hilo hata siku moja. Shangazi Hadija, dada yako, akikukuta njiani midomo ikicheza alikuwa hakuachi upite.

“Mdogo wangu, unatafuna nini tena? Hata mbuzi wangu hupumzika.”

“Natafuna maneno, dada.”

“Na yanashibisha?”

“Yangeshibisha ningekuja kwako kuomba muhogo?”

Mkacheka wote wawili, na muhogo ukaupata.

Baba Mdogo Athumani naye alikuwa na yake. Mwezi wa Ramadhani ulipoanza kusogea karibu na Kwaresima, alikuja kukaa barazani kwetu kwa makusudi, wakati Mama akikupa maji ya kunywa.

“Kaka, funga gani hiyo ya kunywa maji mchana? Ninyi mmefunga au mnapumzika?”

“Na ninyi mnaofuturu sahani mbili, mmefunga au mmeahirisha?”

Tulipenda mlivyotaniana. Tulijua kwamba watu wanaotaniana hivyo hawatatengana.

Kazi yako ilikuwa ualimu wa dini na ukalimani. Ulipiga kengele, ile ya kipande cha reli kilichobaki wakati Waingereza walipojenga njia ya treni ya mradi wao wa karanga, ukaongoza sala siku ambazo Padre hakuweza kufika, ukawafundisha wakatekumeni waliojiandaa kubatizwa, ukawazika watu. Lakini watu wengi walikujua kwa tafakari za majira. Baba Askofu alikuwa akiandika maneno juu ya imani kwa kila kipindi cha mwaka: Majilio, Kwaresima, Pasaka, na ile miezi mirefu baada ya Pentekoste. Maneno yalikuja kwa Kiswahili safi cha vitabu, na nusu ya watu wetu, hasa kina bibi, Kiswahili hicho kiliwapita juu ya kichwa. Wewe ndiye uliyeyashusha.

Tunakumbuka Kwaresima moja ambayo watu wanaisimulia mpaka leo. Baba Askofu aliandika kwamba Kwaresima ni wakati ambao miti imepukutika, ardhi imelala, na kila kitu ni kama kimekufa kikingojea Pasaka. Ukasimama nayo mbele ya watu, nje majani yamefika kiunoni, mahindi yanatoa mbelewele, mvua inagonga makuti. Ukaitazama karatasi, ukatazama nje, ukaikunja.

Ukasema kwa Kimakonde, “Baba Askofu anasema imani ina wakati wake wa kufanana na sasa hivi. Ukitazama shambani, kila mahali kijani. Ukifunua chungu, hamna kitu. Ndio wakati wa kupalilia, kwa tumbo hilohilo.”

Bibi Nambunga, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akauliza kwa sauti, “Kwani Askofu alilala njaa kwa nani?”

Kanisa zima likacheka, lakini kina mama waliondoka wanalisema neno lile, na wiki ile ndiyo tuliyokwenda wote porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya wakati wa njaa, Wakristo kwa Waislamu, tukala pamoja.

Habari zilifika misheni. Tukaogopa kwamba utaondolewa kazini. Baba Askofu alipokuja alikuita mbele ya mapadre.

“Vitalis, nasikia umenibadilishia Kwaresima yangu.”

“Ndiyo, Baba Askofu. Ile ya kwako ilikuwa ya nchi ya baridi.”

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Tangu siku ile, kabla hajaandika tafakari ya majira, alituma mtu kukuuliza shambani kuna nini. Ukamjibu kwamba mikorosho imeanza kuchanua na ardhi imekauka, au kwamba mahindi mabichi yameanza na watoto wanaharisha kwa kula sana. Mengine tuliyasikia baadaye yakisomwa, tukajua yametoka kwako.

Hayo ndiyo yanayojulikana. Sasa tuseme la pili.

Mvua za mwaka wa hamsini na tano surua ilipita vijijini, ikamchukua Yustina, mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukuita. Ulimzika mwenyewe, ukasoma sala mwenyewe, na kesho yake ukapiga kengele kama siku zote. Watu walisema: mtazameni Mwalimu Vitalis. Hatukukuona unalia, na kwa hiyo tulidhani hakuna kilio. Ni baada ya hapo ndipo nilipoona midomo imetulia njiani.

Mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, Baba Askofu alikuja kutoa Kipaimara, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopokea. Mlango wa kanisa ulipambwa kwa makuti ya minazi. Kina bibi walikaa mbele kama kawaida. Wewe ulisimama kushoto kwa Baba Askofu na kanzu yako iliyopigwa pasi ya mkaa. Alisema neno, ukalifasiri. Akasema jingine, ukalifasiri. Alisema kwamba imani nayo ina kiangazi chake, na wewe ukasema habari za mkorosho unaochanua wakati visima vimeshuka, na watu wakaitikia kwa sauti.

Kisha akasema, “Lakini hata katika kiangazi hicho, mtu anayesali kwa moyo husikia daima jibu la Mungu ndani yake.”

Ukanyamaza.

Tulingoja. Mtoto mmoja akakohoa. Baba Askofu akadhani amesema kwa haraka, akarudia polepole, neno kwa neno. Ulikuwa unatazama sakafu.

“Vitalis!” Bibi Nambunga akaita. “Umemeza nzi?”

Watu wakacheka. Baba Askofu, ili kukusaidia, akajaribu kulisema mwenyewe kwa Kimakonde, na Kimakonde chake kilikuwa kama mtu anayetembea juu ya miiba. Watoto walianguka wakicheka, na wewe pia ukatabasamu. Mkaendelea na sentensi iliyofuata. Watu walikwenda nyumbani wanasema Mwalimu leo alipigwa na jua. Lakini sentensi ile kina bibi hawakuisikia kwa lugha yao. Uliiacha palepale.

Baada ya Misa nilitumwa kumnawisha Baba Askofu mikono katika kile chumba cha nyuma kinamowekwa mavazi. Nilikuwa nimeshika birika na beseni. Ulikuwa umesimama mlangoni, na ukaanza kusema kama vile sipo.

“Baba Askofu, neno lile sikushindwa kulifasiri.”

“Najua. Wewe hushindwi.”

“Ningelisema ningewadanganya. Mimi nasali na sisikii kitu.”

Maji niliyokuwa namimina yakapita pembeni, yakamwagika juu ya viatu vyake. Hakuvitazama.

“Tangu lini?”

“Tangu tumzike mtoto.”

Mimi nilidhani atakukemea, au atakupa maneno mengi, maana maneno ndiyo yalikuwa kazi yake. Akauliza jambo moja tu.

“Kengele unapiga?”

“Napiga.”

“Basi endelea kupiga. Mimi leo sina jingine la kukupa, Vitalis.” Akachukua kitambaa mkononi mwangu akajifuta mwenyewe.

Tuliporudi nyumbani ulinitanguliza mbele ili usinitazame. Ukasema, “Apolinaria, Mama yako usimwambie. Ana yake yanayomtosha.” Nikaitikia. Hatukusema tena habari hiyo, si siku ile wala nyingine.

Miezi iliyofuata uliendelea kama ulivyoambiwa. Ulikuwa unaamka, unapiga kile chuma, unafungua mlango, unakaa ndani. Majilio ukafundisha Majilio, Noeli ukawafundisha watoto nyimbo. Aliyekutazama kwa mbali aliona mtu yuleyule. Sisi tuliokula nawe tuliona mtu anayebeba mzigo uliofungwa vizuri.

Halafu ikaja tafakari ya Kwaresima ya mwaka jana. Ilikuwa fupi kuliko zote. Baba Askofu hakuandika juu ya miti wala mashamba. Aliandika kwamba mwaka huu anawaomba watu jambo moja: waje. Mwenye maneno aje na maneno yake, asiye nayo aje asimame na wenzake. Uliisoma barazani, ukaisoma tena, na Mama anasema ulipiga goti lako kwa kiganja.

“Hili,” ukasema, “hili naweza kulisema.”

Mvua ilikuwa haijakatika kwa juma zima. Mama alikuomba ungoje maji yapungue bondeni. Ukamwambia kuna watu kule vigangoni wanaolihitaji neno hili kuliko anavyofikiri. Ulikwenda, ukalisema kila mahali, ukarudi umelowa mpaka mfupa, na kichomi kikakushika ubavu wa kulia. Shangazi Hadija alikuja na dawa za mizizi na maneno yake.

“Umeona sasa? Umeyatafuna mpaka yamekukwama.”

Ulicheka, na kucheka kukakuuma. Yeye akatoka nje, akalia nyuma ya jiko ili usimwone.

Padre alifika na Mafuta Matakatifu. Uliyapokea. Wengi wametuuliza kama mwishoni ulisikia jibu. Hatujui, Baba. Hukusema, na sisi hatutakuwekea maneno mdomoni. Tuliona umechoka, na mkono wako ulikuwa katika mkono wa Mama.

Katika mazishi watu walisema mengi mazuri. Neno lililorudiwa kuliko yote ni kwamba Mwalimu Vitalis hakuyumba hata siku moja, kwamba imani yako ilikuwa ya mwamba, kwamba ulisema na Mungu kama mtu anavyosema na jirani yake. Waliosema hayo walikupenda. Nasi tulinyamaza, tukaona ni heshima yako.

Lakini mwaka huu jambo hilo limeanza kututia uchungu. Mama Anselmi, ambaye wewe mwenyewe ulimwandaa kwa ubatizo na kwa ndoa, alifiwa na mtoto wake wakati wa kuvuna korosho. Akaacha kuja kanisani. Nilimkuta kisimani, na kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza, watu huniambia mambo.

“Msinitumie watu tena,” akasema. “Mimi nimekauka. Nikisali ni kama nasema na mtungi mtupu. Baba yako alifiwa kama mimi, na yeye Mungu alikuwa anamjibu. Kwa hiyo ubaya uko kwangu. Nitaingia mle ndani kufanya nini, kuwatia wenzangu nuksi?”

Nilijitwika ndoo nikaondoka. Njia nzima maji yalinimwagikia mpaka kifuani. Jina lako jema, Baba, ndilo lililokuwa limesimama mlangoni likimzuia mtu kuingia.

Nikamwambia Mama. Nilivunja ahadi yako kwa kumwambia, na nilingoja anipige. Alikuwa anapepeta mchele, hakusimama.

“Nililala naye mkeka mmoja,” akasema. “Unadhani sikujua? Mtu akisali na mtu akihesabu makuti ya darini, mke wake anatofautisha.”

“Mbona hukumwambia kwamba unajua?”

“Na yeye mbona hakuniambia?” Akapepeta tena. “Alikuwa ananificha ili nisiumie, nami namficha kwamba najua ili asione haya. Tumeishi hivyo mpaka amekwenda.”

Hapo ndipo aliposema liandikwe. Tukakaa ndugu wote. Baba Mdogo Athumani alikataa kabisa.

“Shemeji, maiti hana wa kumjibia. Kaka yangu alijenga jina kwa miguu yake, kijiji kwa kijiji. Leo mnataka watu waseme mwalimu wa dini alikuwa hana dini?”

“Alikuwa nayo, shemeji. Angekuwa hana asingeamka kupiga chuma kila asubuhi. Ila haikumpa usingizi.”

“Basi yaacheni hayo ndani.”

“Mama Anselmi yuko nje,” Mama akasema.

Fabiani, mwanao mkubwa, ambaye sasa anafanya kazi bandarini Mtwara na alikuwa amekuja kwa ajili ya Misa ya mwaka, alisema anaogopa Padre atakasirika. Shangazi Hadija ndiye aliyekata maneno, kama kawaida yake.

“Mdogo wangu alisimama mbele ya Askofu na umati wote akakataa kusema uongo. Sasa sisi tumsemee uongo kwa sababu amelala? Andika, mtoto. Mwenye kumcheka aje kwangu, sina kazi leo.”

Baba Mdogo hakusema ndiyo. Alisimama, akatoka mpaka kaburini kwako, akakaa huko kitambo. Aliporudi alisema tu kwamba kama ni lazima liandikwe, basi iandikwe pia kwamba ulikuwa mtani wake bora, na kwamba Ramadhani hii hakuna wa kumjibu. Tumeandika.

Kwa hiyo watu wajue. Mwalimu Vitalis Chitanda alifiwa, akasali, na hakusikia kitu. Akaendelea kupiga kengele. Hatusemi hili kukushusha, Baba. Na wewe, Mama Anselmi, ukisomewa haya, jua kwamba uliyekuwa ukijilinganisha naye alikuwa amekaa kwenye ubao huohuo wa kukalia kanisani unaouogopa. Njoo ukae.

Tunaokukumbuka ni mjane wako Skolastika. Watoto wako Fabiani na Apolinaria. Dada yako Hadija. Mdogo wako Athumani na watu wa nyumba yake pale Msimbati. Bibi Nambunga, ambaye siku hizi hana wa kumkatiza katikati ya mahubiri. Na Wakristo wa vigango vyote ulivyovitembelea. Wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, hutatutoka moyoni.

Mama amesema nimalizie hapa. Lakini karatasi imebaki kidogo, na kuna neno langu mwenyewe ambalo nilikuwa nalo mdomoni njia nzima siku ile uliponitanguliza mbele, nikaona haya, tukafika nyumbani.

Baba, na mimi sisikii kitu. Baba Askofu aliponipaka mafuta asubuhi ile nilingoja, na hapakuja neno, wala halijaja mpaka leo. Nilidhani ni mimi peke yangu. Ulipolisema pale mlangoni, nikiwa na birika mkononi, kwa mara ya kwanza niliona nina mwenzangu ndani ya kanisa, na mwenzangu huyo ni wewe.